Maji na Ladha: Kisa cha Parokia Iliyotaka Kung'oa Ukuta Wake wa Kioo

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kinatoka katika parokia moja ya Kikatoliki kwenye mji wa viwanda, kaskazini mwa Uingereza. Nilikuwa katibu wa kamati ya majengo kuanzia wiki ndoo ya kwanza ilipowekwa chini ya dirisha hadi mafundi walipoondoa jukwaa lao la mwisho. Nimeondoa jina la parokia, la mji, la watu na la kampuni zilizohusika. Pale ambapo jambo dogo lingemtambulisha mtu, nimelibadili.

Naandikia hasa halmashauri za walei na mapadre wenye kanisa la zege la miaka ya 1950 au 1960. Yako mengi, na si Ulaya tu. Basilika ya Familia Takatifu pale Nairobi, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, ni ya kizazi hichohicho. Makanisa haya yamefikia umri wa kuvuja, lakini hayajafikia umri wa kuheshimiwa kama ya kale. Hapo katikati ndipo yanapoumizwa.

Kanisa lenyewe

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na miji iliyolipuliwa na watu wasio na nyumba. Kujenga kulihitaji kibali cha serikali hadi mwaka 1954, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Vizuizi vilipoondolewa, mitaa mipya ilichipuka pembezoni mwa miji, na ndani yake wakahamia Wakatoliki wengi: Waairishi waliokuja kutafuta kazi, Wapolandi ambao vita viliwaacha bila kwao. Kila mtaa ulitaka kanisa, na ulitaka haraka. Zege lilikuwa rahisi, likakubali kukunjwa vyovyote msanifu alivyotaka.

Kanisa letu lilichorwa katika miaka ileile Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, ulipokuwa ukiendelea. Konstitusio ya Liturujia, hati ya Mtaguso huo kuhusu ibada, ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, na mwezi Septemba 1964 likafuata agizo lililotaka altare kuu isimame mbali na ukuta ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha Misa akiwatazama waamini. Ukiingia kwetu unayaona hayo bila kusoma chochote. Jengo limefunguka kama kipepeo cha kujipepea, mabenchi yamepangwa nusu duara, na hakuna aliyeketi mbali na altare. Paa ni bapa. Ukuta wa kusini, kuanzia kimo cha kiuno hadi darini, ni kioo kitupu.

Kioo hicho kinahitaji maelezo, maana kisa chote kimekizunguka. Dirisha la kawaida la kanisa ni vipande vyembamba vya kioo cha rangi vilivyounganishwa kwa madini ya risasi. Hili si hivyo. Hapa fundi huchukua bamba la kioo lenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi, analiweka juu ya patasi iliyosimikwa, analigonga kwa nyundo mpaka lipasuke kwa umbo analotaka. Kisha anamegua kingo za kila kipande ili mwanga uvunjike ndani yake. Vipande vinapangwa juu ya mchoro, halafu katikati yake humiminwa zege lenye vyuma vyembamba, au, katika kazi za baadaye, gundi ya epoksi iliyochanganywa na mchanga. Mbinu hii ilikomaa Ufaransa kati ya vita viwili, na baada ya vita ikawa lugha ya makanisa mapya. Huko Audincourt, parokia ya wafanyakazi wa viwandani, mchoraji Fernand Léger alizungushia kanisa zima ukanda wa kioo cha aina hii mwaka 1951. Uingereza ililetewa mbinu hiyo kwa sehemu kubwa na Mfaransa Pierre Fourmaintraux, na mmonaki Mbenediktini wa Buckfast, Padre Charles Norris, akajaza nayo makanisa mengi ya parokia.

Usogelee ukuta wetu asubuhi ya Februari, Misa ya saa tatu, weka kidole kwenye ukingo wa kipande chekundu. Unagusa kitu kilichomeguliwa kama gumegume, chenye mabonde madogo yanayofanana na ndani ya kombe la baharini. Nyuma yako doa la rangi ya damu limelala juu ya nguzo ya zege, na kadiri somo la kwanza linavyosomwa linateremka taratibu, likifika kwenye mabega ya watu.

Kwenye ukuta wa kaskazini kulikuwa na vituo 14 vya Njia ya Msalaba, vya udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa, vimepachikwa moja kwa moja ukutani bila fremu. Watu wake ni wanene, mikono mikubwa, na nyuso zao hazikumaliziwa. Uso wa Yesu ni mkunjo tu wa udongo.

Yaliyotokea

Maji yalianza kuingia vuli moja yenye mvua za mfululizo. Mwanzoni ndoo moja, kisha nne. Chini ya ukuta wa kusini rangi ilivimba, na harufu ya ukungu ikawakaribisha waliokuja mazishini. Paroko alimwita mkandarasi aliyependekezwa na rafiki wa parokia. Alitazama kwa nusu saa akiwa chini, akaandika kurasa mbili: vioo vimekwisha, ving'olewe, yawekwe madirisha ya kisasa ya kioo maradufu katika fremu za plastiki.

Bei yake ilizidi akiba yote ya parokia. Hata hivyo mkutano wa waamini ulikubali kwa kura nyingi, na ni muhimu kueleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo tulipopotea.

Mkutano haukuzungumzia maji. Mtu wa kwanza kusimama alisema kwamba madirisha yale yamekuwa ya giza na baridi tangu akiwa mtoto. Wa pili akasema na vituo vya Njia ya Msalaba viondoke pia, vinatisha watoto. Mama mmoja kutoka Kivu, ambaye namheshimu sana, alisema kwa Kiswahili huku akinigeukia nimtafsirie: "Mwambie Padre, huyu Yesu hana uso. Mimi nikiwa na shida ninamwangalia nani?" Nilitafsiri, ukumbi ukanyamaza, kisha ukapiga makofi. Ndani ya dakika 40 ndoo nne zilikuwa zimegeuka hukumu juu ya sanaa yote ya kanisa. Tukapitisha maazimio mawili kwa mkono mmoja: kioo king'olewe, na vituo vibadilishwe kwa sanamu zilizopakwa rangi kutoka katika orodha ya duka la vifaa vya ibada.

Mimi pia niliinua mkono. Wiki mbili baadaye tulianza na lililoonekana rahisi, yaani vituo. Wanaume watatu wa kujitolea na ngazi moja. Cha kwanza tulichogusa kilikuwa cha nane, Yesu anakutana na akina mama wa Yerusalemu, kwa sababu kona yake ilikuwa imeachana kidogo na ukuta na tulidhani kingetoka vizuri. Nilikuwa nimeshika ngazi. Kiliachia upande mmoja, kikazunguka juu ya ndoana ya nyuma ambayo hatukujua kwamba ipo, kikaanguka. Vipande vikubwa vilikuwa 11, pamoja na unga mwingi wa udongo.

Kazi ikasimama siku hiyo. Nikaanza kutafuta katika sakristia kama kuna karatasi yoyote inayoeleza jinsi vituo vilivyofungwa. Chini ya kabati la kanzu nilikuta bahasha ya michoro ya ujenzi na barua za msanifu, na ndani ya faili jingine kabisa, barua ya miaka kadhaa nyuma iliyoijulisha parokia kwamba kanisa limeorodheshwa kuwa jengo la urithi, Daraja la II. Hakuna aliyekuwa nayo akilini. Paroko aliyeipokea alikuwa amehamishwa, aliyekuja baada yake hakuambiwa.

Kwa sheria ya Uingereza, Kanisa Katoliki halilazimiki kuomba idhini ya halmashauri ya mji kwa mabadiliko ya makanisa yaliyoorodheshwa, kwa sharti kwamba lina utaratibu wake wenyewe ulio sawa na huo. Utaratibu huo ni kamati ya makanisa ya kihistoria katika jimbo. Si kioo tu, hata kituo kilichopachikwa ukutani kisingeguswa bila kibali chake. Tulikuwa tumeshavunja kimoja.

Paroko aliandika kwa jimbo mwenyewe, usiku huohuo, bila kuficha chochote. Naliheshimu sana jambo hilo.

Maamuzi, na sababu zake

Jimbo lilisimamisha kila kitu na kututaka tupate mkaguzi wa majengo mwenye uzoefu wa makanisa ya kipindi hicho, pamoja na mtaalamu wa uhifadhi wa kioo. Waumini walinung'unika: pesa tena, na ndoo bado zipo. Mkaguzi alipofika hakutazama dirisha. Alipanda paani.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wake, nao ndio uliogeuza kisa: kutenganisha swali la maji na swali la kupenda au kutopenda. Alikataa kusikia neno lolote kuhusu uzuri wa kioo mpaka tujue maji yanapita wapi. Tulifanya jaribio ambalo parokia yoyote inaweza kulifanya. Siku kavu, mtu mmoja na mpira wa maji nje, mwingine ndani na tochi, karatasi na saa. Unamwagia chini kwanza, sehemu moja kwa dakika 15, unasubiri, unaandika, ndipo unapanda hatua moja. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua lolote.

Tulimwagia kioo chenyewe sehemu kwa sehemu. Kati ya paneli 28 (sehemu za kioo na zege zilizounda ukuta), tatu ndizo zilizopitisha maji. Tulipofika ukingo wa paa, ndani ya dakika chache maji yalitokea katika sehemu zilezile za ndoo zetu. Tundu la gata lilikuwa limezibwa na majani na kiota, maji yakatuama kwenye paa bapa, yakapata ufa pale tabaka la lami linapopanda ukutani, yakashuka ndani ya nguzo za zege, kisha yakatokea kwenye maungio ya paneli. Mtu aliyesimama ndani aliona dirisha linalovuja, kumbe dirisha lilikuwa mahali pa kutokea tu.

Paneli tatu zilizoharibika kweli zilikuwa na historia nyingine. Miongo kadhaa nyuma, mtu mwenye nia njema alifunika sehemu hiyo kwa nje na shuka za plastiki ngumu, bila tundu la hewa, na akaziba kwa silikoni vijitundu vya chini vya kutolea maji. Nyuma ya plastiki palikuwa joto kali wakati wa jua na unyevu uliogeuka matone usiku. Vyuma vilivyo ndani ya zege vikapata kutu. Chuma kikishika kutu hutanuka, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Plastiki iliyowekwa kukinga kioo ndiyo iliyokiua.

Uamuzi wa pili: paa na gata kwanza, kisha tusubiri majira yote ya baridi kabla ya kugusa paneli. Wengi waliona huu ni uzembe. Sababu ni kwamba zege lililolowa kwa miaka hukauka polepole, na ukiliziba kabla halijakauka unafungia maji ndani.

Wa tatu: shuka za plastiki zitoke zote, silikoni ikwanguliwe, maungio yajazwe kwa kijazo laini kinachoweza kunyooka na kurudi. Nilipowaeleza wanakwaya wetu wa Kiswahili kazi hii, mzee mmoja wa Tanga alinikatiza: "Hiyo ni kalafati tu, mwanangu. Jahazi halizibwi kwa saruji." Hakuna maelezo ya kitaalamu niliyoyasikia mwaka ule yaliyofika karibu na hayo.

Wa nne: paneli tatu zisukwe upya. Kwa kioo cha namna hii huwezi kubadilisha kipande kimoja kama unavyobadilisha kigae, maana kila kipande kimekamatwa na zege la jirani zake. Zilipigwa picha, zikachukuliwa alama kwa karatasi na penseli kwa ukubwa wake halisi, ndipo zikashushwa. Vioo vilivyotoka vizima vilirudishwa katika zege jipya lenye nyuzi zisizoshika kutu.

Swali la vituo lilirudishwa mkutanoni likiwa peke yake, bila ndoo yoyote ukumbini. Kabla ya kupiga kura, tuliomba Kwaresima moja. Kila Ijumaa mwamini mmoja, si padre, si mtaalamu, alisimama mbele ya kituo kimoja na kusema anachokiona. Mwanamke aliyefanya kazi ya uuguzi usiku kwa miaka mingi alichagua cha 13, Yesu anashushwa msalabani. Hakusema habari za sanaa. Alionyesha jinsi Yosefu wa Arimathaya alivyomshika Yesu kwapani, akasema: hivi ndivyo mtu mzito anavyoinuliwa, aliyetengeneza hiki aliwahi kuinua maiti au alimtazama anayeinua.

Kura ya pili iliamua vituo vibaki. Haikuwa kura ya wote. Yule mama wa Kivu aliinua mkono wa kukataa, na tulipaswa kumjibu. Tulimjibu kwa kumpa nafasi: pembeni, katika kikanisa cha ubatizo ambacho hakikuwa na kitu ukutani, iliwekwa sanamu ya Moyo Mtakatifu yenye uso, macho na yote, iliyochaguliwa na wanawake wenyewe. Mishumaa ipo mbele yake kila siku.

Matokeo

Baridi ya kwanza baada ya kazi ya paa, ndoo tatu kati ya nne ziliondoka bila dirisha lolote kuguswa. Baada ya kazi ya kioo imebaki paneli moja ya kona inayotoa unyevu mvua ikija na upepo wa kusini magharibi. Gharama yote ilikuwa chini ya ile ya mkandarasi wa kwanza, lakini si chini kama ambavyo ingekuwa, kwa sababu tuliruhusu jukwaa la mafundi liondolewe baada ya kazi ya paa na tukalipa kulisimika mara ya pili. Familia mbili zilihamia parokia jirani na hazikurudi. Kituo cha nane hakipo tena ukutani.

Uchambuzi

Wengi hupenda kisa cha namna hii kielezwe kama ushindi wa wapenda sanaa dhidi ya wasiojua. Sivyo. Wale waliosema kanisa ni baridi walikuwa sahihi: lilikuwa baridi kwa sababu kuta zake zilikuwa zimelowa. Kosa letu lilikuwa kuacha mambo mawili yaliyo tofauti yaingie kwenye kura moja. Maji yana sababu, na sababu hutafutwa kwa mpira, tochi na saa. Ladha haina jaribio la aina hiyo, inataka muda na mazungumzo. Yakiunganishwa, kila moja hulipatia jingine nguvu lisizostahili: asiyependa dirisha anapata hoja ya kiufundi, na mkandarasi anayetaka kazi kubwa anapata umati wa kumuunga mkono.

Kisa mashuhuri kinachokaribiana na chetu ni cha kanisa la Plateau d'Assy katika Alpi za Ufaransa, lililotabarukiwa mwaka 1950 kwa ajili ya eneo lililojaa hospitali za kifua kikuu. Padre Couturier, Mdominiko, aliwahimiza wenye kanisa waite wasanii wakubwa wa wakati huo hata kama si waamini. Kwa altare mchongaji Germaine Richier alitengeneza Msulubiwa wa shaba, mwili uliokaukiana na msalaba, bila uso. Mwaka 1951 askofu aliamuru aondolewe, baada ya kelele zilizoanzia mbali na mlima ule. Karibu miaka 20 ilipita kabla hajarudi altareni. Pale hapakuwa na ndoo wala ukungu, ugomvi ulikuwa wa sanaa tupu, lakini funzo moja linafanana na letu: walioamua hawakuwa wale waliosali mbele yake kila siku. Zile Ijumaa za Kwaresima zilitusaidia kwa sababu zilirudisha neno kwa wanaosali.

Pia Kanisa lenyewe lilikuwa limeshasema. Konstitusio ya Liturujia, namba 123, inatamka kwamba Kanisa halikuwahi kufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee. Mwaka 1971 Roma iliwaandikia maaskofu kulalamika kwamba, kwa kisingizio cha mabadiliko ya liturujia, vitu vya thamani viliondolewa na kuharibiwa makanisani. Barua ile ilitetea kazi za sanaa za zamani. Leo kinachong'olewa ni kile kilichozaliwa na mabadiliko hayo.

Kilichofeli zaidi kwetu ni kumbukumbu. Barua ya kuorodheshwa ilikuwepo, michoro ilikuwepo, hata ndoana ya nyuma ya kituo ilichorwa na vipimo vyake vikaandikwa. Paroko hubadilishwa, katibu hubadilishwa, na kila anayeingia huanzia sifuri. Sasa kuna kitabu kimoja, kinakabidhiwa mbele ya mashahidi, na ukurasa wake wa kwanza ni orodha ya tarehe za kusafisha tundu la gata, Novemba na Machi, na saini ya aliyepanda.

Jambo moja bado halijaamuliwa. Vipande 11 vya kituo cha nane vimelazwa katika sanduku lenye mchanga, na mtaalamu wa uhifadhi amesema vinaweza kuunganishwa, ila nyuso mbili za akina mama na sehemu ya mkono wa Yesu ziligeuka unga. Upande mmoja unataka viunganishwe na mapengo yaachwe yaonekane, mwingine unataka mfinyanzi aliye hai aitwe atengeneze kipya. Alipokuwa akivisafisha, mtaalamu aliniita nione kitu mgongoni mwa kipande kikubwa: alama ya dole gumba, nzima, mistari yake yote, iliyoachwa na msanii aliposukuma udongo ukiwa bado mbichi.

Kwa kanuni za Kanisa, Njia ya Msalaba huhitaji misalaba 14, picha ni desturi iliyoongezwa. Kwa hiyo mahali pale, kati ya cha saba na cha tisa, tumetundika msalaba mdogo wa mbao. Siku ya Ijumaa tunafika, tunapiga magoti, tunasoma habari za akina mama wa Yerusalemu, na yule mama wa Kivu ndiye anayeongoza kituo hicho.